Landrova ya Baba na Landrova ya Spånga: Historia Fupi ya Magari Mawili

Ndugu zangu wapendwa,

Kamati ya maandalizi ya mkutano wetu hapa Stockholm iliniomba niandike sehemu ya historia ya ukoo kwa ajili ya kijitabu hiki. Huenda ilitazamia niandike juu ya mababu na mashamba. Nimechagua kuandika juu ya gari, nami ninazo sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna chombo kilichowabeba watu wa ukoo huu wengi kuliko Landrova ya Baba. Ilibeba maharusi, wagonjwa, magunia ya kahawa na majeneza. Sababu ya pili ni kwamba katika kikao cha mkutano huu litaletwa pendekezo la kuiuza Landrova hiyo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ninalo neno la kusema kabla hamjakata shauri, na siwezi kulisema bila kukiri kosa langu mwenyewe.

Gari lilivyozaliwa

Landrova, kama sisi, ilianzia shambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na huko alitumia jipu la Kimarekani lililobaki kutoka vitani. Kutokana na kazi za shamba hilo akapata wazo la kuunda gari la mkulima: liweze kulima, kuvuta, kubeba na kupita pasipo na barabara. Gari la kwanza la majaribio, la mwaka 1947, liliwekewa usukani katikati, ili gari hilo moja liwafae wanaopita upande wa kushoto wa barabara na wanaopita upande wa kulia. Baadaye wazo hilo liliachwa, na tarehe 30 Aprili 1948 Landrova ilionyeshwa kwa umma katika maonyesho ya magari ya Amsterdam.

Miaka hiyo chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kibali Uingereza, ilhali alumini ilikuwapo. Ndiyo maana bodi ya Landrova ikawa ya alumini, juu ya fremu ya chuma. Muungano huo wa metali mbili ndio uliolipa gari hili maisha marefu, na ndio pia wenye ugonjwa wake. Mahali ambapo alumini inagusana na chuma penye unyevu, na zaidi penye chumvi, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Na fremu, ambayo ni sanduku refu la mabati mazito yaliyochomelewa, huliwa na kutu kuanzia ndani pasipoonekana. Mtu anaweza kuiona Landrova inang'aa kwa nje, kumbe mifupa yake imekwisha.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba karibu kila kipande cha bodi hiyo hufungwa kwa bolti na nati. Mwenye spana, muda na uvumilivu anaweza kulivua gari zima na kulivika tena. Katika nchi zisizo na karakana kubwa sifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko mwendo kasi.

Landrova ilipofika kwetu

Njia ya kutoka Bukoba kwenda Sweden haikufunguliwa na sisi. Askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Bukoba, Bengt Sundkler, aliyeongoza tangu 1961 hadi 1964, alikuwa Mswidi. Akafuatiwa na Josiah Kibira, mwana wa Buhaya, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Serikali ya Sweden nayo ilisaidia miradi ya maji vijijini Tanzania tangu miaka ya 1960. Nayasema haya ili watoto wafahamu kwamba Baba, aliyekuwa dereva wa serikali katika idara ya maji ya mkoa, alikwisha kuwaendesha Waswidi katika matope ya kwetu kabla mwanawe hajaiona theluji ya kwao.

Gari alilopewa kuendesha lilikuwa Landrova 109 ya mwaka 1973, ya toleo la tatu lililoanza kutengenezwa 1971. Namba 109 ni inchi za umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Injini yake ilikuwa ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2286. Mbele ya dereva, sakafuni, palikuwa na kifundo cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na wenzo mwekundu wa gia nzito za kupandia milima. Sisi watoto tulikatazwa kuvigusa, na kwa hiyo tulivijua kabla ya kujua kusoma.

Mkoa wetu wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera mwishoni mwa 1978, na daraja la Kyaka likavunjwa mwezi Novemba, magari ya serikali na ya watu binafsi yalihitajika kwa kazi ya vita. Baba alitueleza mara moja tu kuhusu siku hizo. Alisema alipakia wazee na akina mama wenye watoto waliokuwa wakikimbia kwa miguu, akawapeleka Bukoba, akarudi kuchukua wengine, bila kulala, na kwamba kwa juma zima hakuzima injini ila wakati wa kutia mafuta, kwa kuwa betri ilikuwa imekufa. Hakuongeza neno, nasi hatukuthubutu kuuliza zaidi. Vita vilipokwisha, mwaka 1979, mkoa uliitwa Kagera.

Mwaka 1983 gari hilo lilipigwa mnada likiwa limechakaa. Baba alilinunua kwa fedha ya kahawa ya misimu miwili, na Mama hakumsemesha kwa siku kadhaa. Hiyo ilikuwa miaka ya uhaba mkubwa: vipuri havikuwapo, na fedha za kigeni za kuviagiza hazikuwapo pia. Hapo ndipo mafundi wa Bukoba walipoifanya Landrova ile kuwa ya kwetu. Springi za nyuma ziliongezewa bapa za lori. Bushi za mpira zilikatwa kutoka katika tairi kuukuu. Viti vya nyuma viligeuzwa kuwa mabenchi ya mbao. Betri ilipokosekana, kijana mmoja alisimama mbele na kupiga hendeli, na aliyepigwa na hendeli hiyo mkononi hakusahau kuishika vizuri mara ya pili. Ndugu zangu, ninyi mnaosema gari hilo lisiguswe kwa kuwa ni kumbukumbu, naomba mkumbuke kwamba hata Baba mwenyewe hakuwahi kuliacha bila kuligusa.

Barua ya mwaka 1993

Nilifika Stockholm mwaka 1988. Mwaka 1993 nilipokea barua ya Baba ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu na habari za ndugu. Wa pili alieleza kwamba kabureta ya Landrova, aina ya Zenith, ilikuwa imekwisha kabisa. Kwamba mafundi walikuwa wameizibaziba hadi hapakubaki pa kuziba. Na kwamba kama ningeipata huku nimpe mtu yeyote anayekuja, hata ikiwa iliyotumika. Alikuwa amechora umbo lake kwa kalamu ya wino, na tundu zake zote zilikuwa mahali pake.

Sikuituma. Ninaweza kusema kwamba ule ulikuwa wakati mgumu Sweden: mwezi Septemba 1992 benki kuu ilikuwa imepandisha riba hadi asilimia 500 ili kuinusuru krona, kazi zikapotea, na yangu ikiwamo. Hayo ni kweli, lakini si sababu. Kabureta iliyotumika ilikuwa na bei ndogo kuliko viatu vya baridi vya mtoto mmoja. Nilisema nitaitafuta mwezi ujao, na mwezi ujao nikasema hivyo hivyo. Barua ile nikaiweka katika droo. Baba hakuiuliza tena katika barua yoyote, na ukimya huo niliuelewa nilipokuwa nimechelewa. Mwaka 1994 Landrova ilisukumwa hadi chini ya banda lililo nyuma ya nyumba, pembeni ya kibanja, na haikutoka tena. Baba alifariki mwaka 2001.

Shangazi aliporudi kutoka mazishini aliniletea mfuko wa turubai wenye spana za Baba. Niliuweka karibu na ile droo.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Bukoba, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kwetu, tunamshukuru Mungu, hakufa mtu, ila ukuta wa banda uliiangukia Landrova na kulibonyeza paa lake. Kaka alinitumia picha. Mwaka huo huo, tarehe 29 Januari, kiwanda cha Solihull kilikuwa kimetoa gari la mwisho la uzao ule ulioanza 1948. Niliitazama picha ile usiku mzima, na asubuhi nikaifungua droo.

Landrova ya Spånga

Mwaka 2017 nilinunua katika shamba moja la Roslagen, kaskazini ya Stockholm, Landrova 109 ya mwaka 1974, yenye injini ileile ya petroli na kabureta ileile. Tofauti kubwa ilikuwa usukani, ambao ulikuwa kushoto, maana Waswidi waliacha kupita kushoto alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967. Nililivuta hadi nyumbani kwetu Spånga, na mlangoni mwa gereji nikakuta kwamba paa lake lilikuwa juu kuliko mlango. Kazi ya kwanza, basi, ilikuwa kulivua paa tukiwa nje, katika mvua, majirani wakitutazama kwa adabu kutoka madirishani.

Kazi ilichukua majira matano ya baridi. Miongo mingi nimefanya kazi katika karakana ya mabasi, kwa hiyo injini hazinitishi. Lakini kulifufua gari zima nyumbani, baada ya saa za kazi, jua likiwa limezama kabla ya saa tisa alasiri mwezi Desemba, ni mambo mengine. Msaidizi wangu alikuwa binti yangu mdogo, mzaliwa wa Stockholm. Siku ya kwanza alikuja na spana mpya za milimita. Ile ya 13 ililegea katika nati ya nusu inchi na kuzila kona zake. Hapo ndipo nilipoutoa mfuko wa Babu yake. Landrova za toleo hilo zimefungwa kwa nati za inchi, na spana zile, zilizoandikwa sehemu za inchi na kulainishwa na kiganja cha mtu mwingine, zilikaa barabara katika kila nati. Binti yangu alijifunza kuzitaja kwa Kiswahili, na mpaka leo kuna vifaa anavyovijua kwa lugha hiyo tu.

Bodi ilipotoka tuliona ugonjwa nilioueleza hapo mwanzo. Sweden humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo ilikuwa imeila fremu kiasi kwamba nyundo ilizama ndani yake. Sakafu ya miguuni pa dereva haikuwapo. Ilinibidi niagize kutoka Uingereza fremu mpya iliyochovywa katika zinki, ndani na nje. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria tulikata sehemu zake zilizooza na kuchomelea mpya. Kila mahali ambapo alumini ilipaswa kukaa juu ya chuma tulipaka rangi pande zote mbili na kuweka utepe wa mpira katikati, ili zikae pamoja bila kulana.

Kubadili na kuhifadhi

Hapa ndipo ulipozuka ubishi ambao wengi wenu mliusikia kwa simu. Injini ya petroli ilikuwa nzima, lakini ilikunywa mafuta kupita uwezo wangu, na katika barabara kuu za hapa ilikuwa ikiachwa na malori. Niliamua kuitoa na kuweka injini ya dizeli ya lita 2.5, ile inayoitwa 200Tdi, iliyoanza kutumika katika Discovery mwaka 1989. Injini hiyo hukubali kuungana na gia boksi ya zamani, ingawa vishikizo vyake, rejeta na bomba la moshi hudai kazi ya ziada. Tuliongeza pia kisaidizi cha breki, hita inayofaa baridi ya hapa, na mikanda ya usalama ya ncha tatu, ambayo Nils Bohlin wa Volvo aliibuni mwaka 1959.

Baba Mdogo aliniandikia kwa uchungu kwamba Landrova isiyo na injini yake ni sanduku, na kwamba ninafuta kile ninachodai kukikumbuka. Sikumjibu wakati ule kwa sababu nilimheshimu na kwa sababu sikuwa na jibu. Jibu nililipata kidogo kidogo.

Sweden ina utaratibu kwa raia wanaojenga upya magari majumbani. Shirikisho la wajenzi hao, SFRO, lilianzishwa mwaka 1982, na kwa mabadiliko makubwa kama yetu mkaguzi wake huchunguza kazi kabla gari halijapelekwa katika kituo cha ukaguzi. Kila kilichobadilishwa huandikwa. Tulipolipeleka gari kituoni lilikataliwa mara ya kwanza: hozi ya breki ya mbele iligusa tairi usukani ulipokatwa hadi mwisho. Kosa lilikuwa langu, na niliwashukuru walioliona. Mara ya pili lilipita. Hiyo ilikuwa mwaka 2022.

Nilipokuwa nikijaza karatasi hizo nilitambua kwamba gari la Spånga lilinijia na jalada zima: lilinunuliwa lini, lilibadilishwa nini, na nani. Landrova ya Baba haina jalada. Historia yake imo katika springi za lori, bushi za tairi na mabenchi ya mbao, na katika vichwa vya watu ambao wanapungua kila mwaka. Tukiiuza kwa kilo, hatuuzi chuma peke yake. Tunauza maandishi pekee yaliyobaki ya kazi ya mafundi wale na ya miaka ile. Vilevile tukiiacha chini ya ukuta ulioanguka kwa jina la heshima, mvua za Bukoba zitaifanyia kile ambacho chumvi ilikifanya hapa. Gari hilo liliishi kwa sababu kila mara lilipokwama mtu alilibadilisha. Siku lilipokosa wa kulibadilisha, ndipo lilipokufa. Na mtu huyo aliyekosekana nilikuwa mimi.

Kilicho mbele yetu

Sasa namjibu Baba Mdogo, kwa unyenyekevu, mbele ya ukoo wote. Injini niliyoitoa sikuitupa. Ni ileile ya 2286, ndugu wa injini ya Baba. Mimi na binti yangu tuliifungua, tukabadilisha ringi na beringi zake, tukasaga vali, na kuifunga katika sanduku la mbao lililopo gerejini kwetu. Juu yake imefungwa kabureta ya Zenith, iliyosafishwa, ambayo niliilinganisha na mchoro wa Baba tundu kwa tundu. Gharama ya kuisafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam na kutoka hapo hadi Bukoba nimekwisha kuiweka kando. Imechelewa kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini ipo.

Kwa hiyo ninaleta kwenu maombi matatu. La kwanza, pendekezo la kuuza lisipitishwe. La pili, kaka zangu mlioko nyumbani mlitafutie gari hilo paa la kulikinga, mlipandishe juu ya mawe, mgonge fremu yake kwa nyundo kila baada ya hatua moja, na kuniandikia ni wapi nyundo imezama. Hapo tutajua kama fremu itaunganishwa au itanunuliwa. La tatu ni rahisi kuliko yote na ndilo la haraka. Kila mmoja wenu aliyewahi kupanda Landrova hiyo aandike, japo mistari mitano: alikwenda wapi, mwaka gani, na nani, na ni kitu gani kiliharibika njiani. Wazee wasioandika waandikiwe na wajukuu. Tutakusanya karatasi hizo ziwe jalada lake.

Landrova ya Spånga itakuwa mlangoni siku ya mkutano, na watoto wataruhusiwa kugusa kifundo cha njano na wenzo mwekundu. Leo ina nati za inchi katika mwili na za milimita katika injini, na anayetaka kuihudumia hana budi kuwa na seti mbili za spana. Seti ya inchi ni ya Baba. Nitaipeleka Bukoba pamoja na lile sanduku, kwa kuwa huko ndiko itakakohitajika kwanza.

Nawatakia nyote safari njema na mkutano wenye upendo.

Ndugu yenu katika ukoo,
Spånga, Stockholm